Cheti Kipo, Ukurasa Umevunjika: Kuzisaka http Zilizobaki Baada ya Kuhamia HTTPS

Wengi wanaotunza tovuti huku Lamu, ziwe za nyumba za wageni Shela, za manahodha wanaopeleka watalii Manda na Kipungani, au za mafundi wa fanicha mjini, huweka cheti cha HTTPS (kinachowezesha mawasiliano ya tovuti na mgeni yafichwe njiani) wakadhani kazi imekwisha. Cheti siku hizi ni jambo jepesi. Tangu Let's Encrypt, shirika la kutoa vyeti, ianze kuvitoa bila malipo mwishoni mwa 2015, kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti zimekifanya kuwa kitufe kimoja cha kubofya. Kazi yenyewe huanza baada ya hapo. Anwani ya ukurasa sasa inaanza na https, lakini ndani ya ukurasa mmebaki anwani za http zinazoita picha, skripti (vipande vya programu), fonti, ramani au sauti kwa njia ya zamani isiyofichwa. Hayo ndiyo maudhui mseto. Kivinjari hakiyavumilii, na ni haki yake.

Mchukue mgeni aliyekaa kwenye mkahawa ufukweni, akitumia Wi-Fi ambayo nywila yake imebandikwa ukutani. Skripti moja tu ikija kwa http, mtu mwenye ujuzi aliye kwenye mtandao huohuo anaweza kuibadilisha njiani. Skripti hiyo ikishaingia kwenye ukurasa inaweza kusoma kila kinachoandikwa pale: jina, namba ya simu, tarehe za safari, hata picha ya pasipoti ambayo mgeni anaituma ili awekewe chumba. Ni kama jahazi lililotiwa kalafati mbao zote isipokuwa ubao mmoja: maji yataingia palepale.

Nimepanga mwongozo huu kwa dalili, lakini swali la kujiuliza kwa kila dalili ni moja: anwani hii ya http imezaliwa wapi? Huenda imezaliwa kwenye hifadhidata (panapohifadhiwa makala na mipangilio), kwenye faili la mandhari (yanayoipa tovuti sura yake), kwenye seva ambayo bado inaamini iko kwenye http, au kwa mtu wa nje ambaye tovuti yako inaazima kitu chake. Dawa ya mahali pamoja haitibu mahali pengine. Watu hupoteza usiku kucha kwa sababu wanajaribu dawa kabla ya kujua anwani inatoka wapi.

## Anza na konsoli

Usitafute kufuli. Chrome iliiondoa alama ile kwenye upau wa anwani tangu toleo la 117, Septemba 2023, kwa hiyo kutoiona si dalili ya chochote. Fungua ukurasa kwenye laptopu, bonyeza F12, nenda kwenye kichupo cha Console, kisha upakie ukurasa upya. Kwenye Chrome ujumbe unaoutafuta huanza na maneno "Mixed Content". Firefox hutaja "mixed active content" kwa vitu ilivyovizuia. Usome mstari mzima, maana habari iko mwishoni: hapo ndipo unapoambiwa kama kitu kimezuiwa au kimejaribiwa kwa https, na ni kitu gani hasa.

Vivinjari vimegawa vitu mafungu mawili, na mgawo huu ndio unaoeleza kwa nini kurasa mbili zenye tatizo lilelile huvunjika kwa namna tofauti. Fungu la kwanza ni vitu vyenye uwezo wa kuubadilisha ukurasa: skripti, mitindo ya CSS, fremu za ndani (kurasa nyingine zinazoonyeshwa ndani ya ukurasa wako), fonti, na maombi yanayotumwa na JavaScript. Hivi huzuiwa moja kwa moja. Firefox ilianza kuvizuia kwenye toleo la 23, mwaka 2013. Fungu la pili ni picha, sauti na video. Zamani ziliachwa zipite kwa onyo dogo. Siku hizi kivinjari chenyewe huibadilisha anwani iwe https na kujaribu. Chrome ilianza na sauti na video kwenye toleo la 80, Februari 2020, picha zikafuata baadaye, na Firefox ikafanya hivyo kwenye toleo la 127, mwaka 2024. Kitu kikipatikana kwa https, mgeni hajui kama palikuwa na tatizo. Kisipopatikana, kivinjari hakirudi nyuma kujaribu http, panabaki pengo. Ndiyo maana mtu mwenye simu ya zamani anaweza kuziona picha ambazo wewe huzioni kwenye laptopu mpya, na nyote wawili mkawa mnasema kweli.

Kuna jambo linalowapoteza hata mafundi wazoefu. Wanaweka agizo kwenye seva la kuelekeza kila ombi la http kwenda https, kisha wanashangaa skripti bado imezuiwa. Agizo hilo ni la lazima kwa mgeni anayeandika anwani ya zamani, lakini halitibu maudhui mseto ya fungu la kwanza. Kivinjari huzuia ombi kabla halijatoka kwenye mashine ya mgeni. Seva yako hailioni, sasa italielekeza vipi?

Ukitaka kuona anwani zilizomo ndani ya ukurasa bila kupepesa macho kwenye konsoli, tumia terminali (dirisha la kuandika amri):

```
curl -s https://nyumba.example/ | grep -n 'http://'
```

Amri hii husoma HTML peke yake. Haioni picha za mandharinyuma zilizoandikwa ndani ya faili za CSS, wala kitu kinachotengenezwa na JavaScript baada ya ukurasa kufunguka. Kwa hiyo konsoli na curl zinakwenda pamoja, na uzipitishe kwenye kurasa za aina zote: ya mwanzo, ya vyumba, ya makala ya zamani, ya mawasiliano. Ukurasa wa mwanzo mara nyingi ndio msafi kuliko wote kwa sababu ndio unaoangaliwa kila siku.

Si kila http utakayoikuta ni kosa. Kiungo cha kawaida kinachompeleka mgeni tovuti nyingine, `<a href="http://...">`, si maudhui mseto, hakiingizi kitu ndani ya ukurasa wako. Vilevile `xmlns="http://www.w3.org/2000/svg"` ndani ya picha za SVG ni jina tu, hakuna kinachopakuliwa, na ukilibadilisha unaweza kuiharibu picha yenyewe. Anwani ya `canonical` (anwani rasmi ya ukurasa) na ile ya `og:image` (picha inayotokea kiungo kikitumwa) pia hazizuiwi na kivinjari. Hizo zirekebishe kwa sababu nyingine: mitambo ya utafutaji na WhatsApp huzisoma.

## Dalili: ukurasa umebaki maandishi matupu, menyu haifunguki

Mitindo na skripti zimezuiwa. Zikizuiwa zote kwa mpigo, sababu haiwezi kuwa makala moja au picha moja. Ni kitu kinachotengeneza anwani za tovuti nzima.

Kwenye WordPress, programu ya kujengea tovuti, angalia kwanza Mipangilio, sehemu ya Jumla, palipo na anwani mbili: ya WordPress na ya tovuti. Zote ziwe na https. Tangu toleo la 5.7, la Machi 2021, ukurasa wa Afya ya Tovuti unaweza kukubadilishia kwa kubofya mara moja, mradi seva iwe tayari. Kama sehemu hizo zina rangi ya kijivu na hazikubali kuandikwa, maana yake anwani zimefungwa ndani ya faili la mipangilio, `wp-config.php`, kwa `WP_HOME` na `WP_SITEURL`, zirekebishe huko.

Mipangilio ikiwa sawa na tatizo lipo, sababu ya pili inahitaji uvumilivu zaidi. Seva yako huenda haijui kwamba mgeni amekuja kwa https. Hili hutokea pale penye proksi mbele, yaani seva ya kati inayompokea mgeni kwanza: Cloudflare, au nginx inayopokea mgeni na kumkabidhi Apache nyuma yake. Mgeni anazungumza https na proksi, na proksi inazungumza http na programu yako. WordPress hujua iko kwenye https kwa kuangalia kigezo cha `HTTPS` au lango la 443 (namba ya mlango wa https kwenye seva, ya http ikiwa 80). Ikikuta lango la 80 huamini iko kwenye http, na baadhi ya mandhari na programu-jalizi huanza kuandika anwani za http hata kama mipangilio inasema vingine. Dawa ni kuiambia ukweli, mapema ndani ya `wp-config.php`, kabla ya mstari unaoita `wp-settings.php`:

```
if (isset($_SERVER['HTTP_X_FORWARDED_PROTO'])
    && $_SERVER['HTTP_X_FORWARDED_PROTO'] === 'https') {
    $_SERVER['HTTPS'] = 'on';
}
```

Fanya hivi tu kama kweli kuna proksi unayoiamini mbele, kwa sababu mtu yeyote anayeifikia seva moja kwa moja anaweza kutuma taarifa hiyo ya uongo. Kwenye mifumo mingine ya kujengea tovuti ni vilevile: kwenye Laravel kazi hiyohiyo hufanywa na orodha ya proksi zinazoaminika, na kwenye Django na kipengele cha `SECURE_PROXY_SSL_HEADER`.

Ndugu wa tatizo hili ni ukurasa unaozunguka bila kufunguka, na Chrome ikaandika `ERR_TOO_MANY_REDIRECTS`. Ukitumia Cloudflare, angalia hali ya usimbaji. Ikiwa ni Flexible, Cloudflare inaijia seva yako kwa http, seva inajibu "nenda https", Cloudflare inarudi tena kwa http, na mzunguko hauna mwisho. Wapo wanaoutibu kwa kuondoa uelekezaji kwenye seva. Mimi nakataa dawa hiyo. Flexible inaacha nusu ya njia wazi, kati ya Cloudflare na seva, huku mgeni akionyeshwa kwamba yuko salama. Weka cheti kwenye seva yenyewe, kisha chagua Full (strict). Mtu aliyekuamini na namba ya pasipoti yake anastahili njia iliyofichwa mwanzo hadi mwisho, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inamtaka mwenye kukusanya taarifa za watu azilinde.

Sababu ya tatu ni rahisi: fundi aliyetengeneza mandhari aliandika anwani kwa mkono. Tafuta kwenye folda ya mandhari:

```
grep -rn 'http://' wp-content/themes/
```

Utakuta fonti za Google, jQuery, na picha za kichwa. Geuza ziwe https baada ya kuhakikisha zinafunguka kwa https. Zamani tulifundishwa kuandika `//` bila http wala https ili anwani ifuate ukurasa. Inafanya kazi, lakini hakuna tena sababu ya kuiacha anwani bila msimamo. Andika https wazi.

## Dalili: picha nyingine zipo, nyingine hazipo

Hii ndiyo simu utakayopigiwa na mwenye nyumba. "Mwanangu, mbona chumba cha juu chaonekana na cha chini hakionekani?" Jibu limo kwenye historia ya tovuti. Picha zilizopandishwa kwenye tovuti yenyewe zimegeuzwa kimyakimya na kivinjari na zikapatikana. Zisizoonekana zilikuwa kwenye mashine nyingine: seva ya zamani, kikoa kidogo cha picha ambacho hakikuingizwa kwenye cheti, au tovuti ya mtu mwingine ambako picha iliazimwa. Bofya anwani ya picha iliyokosekana na uifungue kwa https peke yake. Kivinjari kikilalamika juu ya cheti, tatizo ni kikoa kile. Isipojibu kabisa, seva ile haina https.

Picha za kwako zilizo kwenye kikoa kidogo, kiombee cheti kikoa hicho. Picha zilizoazimwa kwa watu, zipandishe kwako kama una ruhusa. Kama huna, ziondoe. Hazikuwa zako tangu mwanzo.

Hata zile zinazoonekana zisafishe. Zimeandikwa http ndani ya hifadhidata, kwenye kila makala iliyopigwa chapa miaka hiyo, na si vivinjari vyote vitakavyozigeuza. Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote katika kazi hii, kwa hiyo soma kwa utulivu.

WordPress huhifadhi mipangilio mingi kwa mfumo unaotaja urefu wa kila neno. Anwani `http://nyumba.example` ina herufi 21, na ndani ya hifadhidata huandikwa hivi:

```
s:21:"http://nyumba.example"
```

Ukiingia phpMyAdmin, chombo cha kuhariri hifadhidata, ukaamuru badilisha http kuwa https kwa SQL ya kawaida, anwani inakuwa na herufi 22 lakini namba inabaki 21. PHP ikiisoma inakuta hesabu hazilingani, inaitupa data yote ya sehemu hiyo. Wijeti zinapotea, mpangilio wa mandhari unarudi sifuri, na hakuna ujumbe wa kosa unaoeleza kilichotokea. Tumia chombo kinachojua kuhesabu upya. WP-CLI, ya kuiamuru WordPress kwa terminali, ndiyo ninayoipendelea:

```
wp search-replace 'http://nyumba.example' 'https://nyumba.example' \
  --all-tables-with-prefix --skip-columns=guid --dry-run
```

Neno `--dry-run` linaifanya ihesabu bila kugusa kitu. Soma majedwali yaliyotajwa, chukua nakala ya hifadhidata kwa `wp db export`, kisha rudia amri bila neno hilo. Safu ya `guid` iache ilivyo: ni kitambulisho cha makala kwa wasomaji wa milisho (RSS), na ukikibadilisha makala za zamani zitawatokea kama mpya. Rudia pia kwa anwani yenye `www` kama tovuti iliwahi kuitumia. Watu husahau hili mara kwa mara.

Wanaojenga kurasa kwa Elementor wana hatua moja zaidi. Elementor huhifadhi ukurasa kama JSON, na ndani yake mikwaju huandikwa `http:\/\/nyumba.example`, ambayo utafutaji wa juu hauilingani. Tumia chombo chake cha Replace URL kilicho kwenye sehemu ya Tools, kisha utengeneze upya faili zake za CSS palepale, maana picha za mandharinyuma zimo ndani ya faili hizo.

## Dalili: umerekebisha, ukaona safi, kesho yake limerudi

Kache, yaani nakala za ukurasa zinazohifadhiwa ili ufunguke haraka. Tovuti moja inaweza kuwa na kache ya programu-jalizi, kache ya kampuni inayoihifadhi, kache ya Cloudflare, na kache ya kivinjari. Zisafishe kwa mpangilio huo, kuanzia iliyo karibu na hifadhidata kwenda kwa mgeni. Ukianza na Cloudflare, itarudi kuchukua ukurasa mchafu kwenye programu-jalizi na kuuhifadhi upya.

Programu-jalizi zinazounganisha CSS na JavaScript kuwa faili moja huhifadhi anwani za zamani ndani ya faili hilo. Zilazimishe zilitengeneze upya.

Kama zimesafishwa zote na bado linarudi, basi kuna kitu kinachoandika http kila ukurasa unapotengenezwa. Rudi kwenye swali la kuzaliwa. Mara nyingi ni ile seva isiyojua iko https.

## Dalili: redio au matangazo ya moja kwa moja yako kimya

Mwezi wa Mfunguo Sita, Maulidi yanapowaleta watu msikiti wa Riyadha kutoka pembe zote za pwani, wapo ndugu walio mbali wanaotaka kusikiliza kwa simu. Tovuti imehamishwa, kitufe cha kusikiliza kipo, kinabofyeka, sauti haitoki. Nakushauri kwa dhati usihamishe tovuti ya aina hii wiki ya Maulidi. Ifanye kazi hiyo mwezi mtupu, ujipe nafasi ya kujaribu.

Sababu ni hii. Seva ya sauti, kwa mfano Icecast, kwa kawaida husikiliza kwenye lango la 8000 kwa http tupu. Ndani ya ukurasa anwani ni `http://redio.example:8000/live`. Kivinjari kinaigeuza kuwa `https://redio.example:8000/live`, lango lilelile. Icecast haielewi salamu ya TLS (usimbaji ulio ndani ya https), na konsoli inaandika `ERR_SSL_PROTOCOL_ERROR`. Usidanganywe na ujumbe huo ukaanza kuhangaika na cheti cha tovuti. Cheti hakina kosa. Lango ndilo lisilozungumza https.

Suluhisho ninaloliamini ni kuipitisha sauti kwenye nginx ileile yenye cheti:

```
location /redio {
    proxy_pass http://127.0.0.1:8000/live;
    proxy_buffering off;
}
```

Kisha ukurasa uite `https://redio.example/redio`. Mstari wa `proxy_buffering off` ni muhimu kwa sauti ya moja kwa moja, kwa sababu nginx isipoambiwa hujaribu kuikusanya kwanza kabla ya kuipeleka. Faida nyingine ni kwamba mitandao ya maofisi na mahoteli inayofunga malango yasiyo ya kawaida sasa haitawazuia wasikilizaji, maana sauti inapita lango la 443.

Kamera za kuonyesha gati au ufukwe zina ugonjwa uleule. Kamera nyingi za bei nafuu zinajua http peke yake. Dawa ni proksi hiyohiyo. Na popote JavaScript inapofungua `ws://`, kwa gumzo la wageni kwa mfano, iandikwe `wss://`. Isipofanywa hivyo itazuiwa.

## Dalili: ramani au jedwali la maji halionekani

Tovuti za mashua zina haja ya kweli na saa za maji kujaa na kupwa. Safari ya kwenda magofu ya Takwa kule Manda inategemea maji ya kujaa ili chombo kipite kwenye mkondo wa mikoko, na mgeni akifika wakati mbaya atatembea kwenye tope. Basi nahodha aliweka jedwali la maji la tovuti fulani ndani ya fremu, na sasa mahali pake pamebaki kisanduku cheupe.

Fungua anwani ya fremu hiyo kwa https kwenye kichupo kipya. Ikifunguka, badilisha herufi na umemaliza. Ramani za Google zilizobandikwa zamani kwa http huwa hivyo. Chukua msimbo mpya wa kubandika na uweke badala yake. Isipofunguka, usijaribu kuilazimisha. Muombe mwenye huduma aweke https, na huku ukingoja ondoa fremu na uweke kiungo cha kawaida kinachompeleka mgeni kule. Kama kuna huduma nyingine ya maji yenye https, hama.

Wapo watakaokushauri upitishe tovuti ya mtu mwingine kwenye proksi yako kama tulivyofanya na redio. Redio ni yako, jedwali si lako. Ukilipitisha kwako utakuwa unawaonyesha wageni, kwa jina lako na kwa cheti chako, kitu kilichosafiri wazi hadi kwenye seva yako na ambacho huwezi kukithibitisha. Kwa saa za maji, ambazo mtu anazitegemea baharini, hilo sikubaliani nalo.

## Dalili: fomu inatoa onyo mgeni anapobofya tuma

Ukurasa ni https, lakini `action` ya fomu, yaani anwani inakopelekwa taarifa, inaelekea http. Tangu Chrome 86, Oktoba 2020, mgeni huonyeshwa ukurasa wa onyo kabla taarifa hazijatumwa, na kujaza kiotomatiki huzimwa. Wengi hukimbia hapo, na nafasi ya chumba inapotea. Rekebisha `action`. Angalia pia kama anwani hiyo ya https inaelekeza tena kwenda http kabla ya kufika. Hilo nalo laweza kuamsha onyo.

Wanaopokea malipo ya M-Pesa wakague pia anwani ya majibu waliyoisajili Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha malipo na tovuti. Si maudhui mseto, kwa sababu Safaricom huita seva yako moja kwa moja bila kivinjari, lakini mfumo halisi wa Daraja unataka https, na siku ya kuhama ndiyo siku ya kuikagua.

## Agizo la kugeuza kila kitu, na mahali pake

Utakutana na mstari huu, ambao seva huutuma pamoja na ukurasa, kila unapoulizia:

```
Content-Security-Policy: upgrade-insecure-requests
```

Unakiambia kivinjari kigeuze kila anwani ya http ndani ya ukurasa kuwa https kabla ya kuomba, skripti na mitindo ikiwemo. Ni msaada mzuri kwa tovuti yenye maelfu ya makala za zamani ambazo hakuna mtu wa kuzipitia moja moja. Nakubali uwekwe, ila baada ya kusafisha hifadhidata na mandhari. Ukiuweka kwanza, kila kitu kitaonekana sawa na anwani mbovu zitabaki ndani, zikisubiri siku seva itakapohamishwa na mstari usahaulike. Tena hauumbi https pasipokuwepo: redio kwenye lango la 8000 itabaki kimya vilevile. Programu-jalizi zinazojinadi kwamba hurekebisha maudhui mseto hufanya jambo la namna hiyo, kwa kuandika upya HTML kila ukurasa unapotoka. Zitumie ukiwa na haraka, na uandike mahali kwamba kuna deni.

Wenye tovuti kubwa watafaidika na ndugu yake asiyezuia kitu, anayeripoti tu:

```
Content-Security-Policy-Report-Only: default-src https: data: blob: 'unsafe-inline' 'unsafe-eval'; report-uri /ripoti
```

Iache kwa muda, na vivinjari vya wageni vitakutumia anwani za http wanazokutana nazo kwenye kurasa ambazo wewe hukuwahi kuzifungua. Lazima uwe na kitu kwenye `/ripoti` cha kupokea na kuhifadhi taarifa hizo.

## HSTS iwe ya mwisho

HSTS ni kichwa cha `Strict-Transport-Security` ambacho seva hukituma, nacho kinakiambia kivinjari cha mgeni kisije tena kwa http. Hakitibu maudhui mseto, kwa sababu ukaguzi wa maudhui mseto hufanyika kabla yake, na kikiwekwa mapema kinaweza kukufungia nje ya tovuti yako. Anza na `max-age=300`, dakika tano tu. Siku zikipita bila malalamiko, panda hadi wiki, kisha `31536000`, ambayo ni mwaka.

`includeSubDomains` iongeze baada ya kukagua kila kikoa kidogo: cha barua pepe, cha kamera, cha majaribio, hata kile alichokitengeneza fundi wa kabla yako. Kimoja kisichokuwa na cheti hakitafunguka tena kwa mgeni yeyote aliyewahi kupokea agizo hilo, na huwezi kumfutia kwenye simu yake. `preload`, ya kuiingiza tovuti kwenye orodha iliyomo ndani ya vivinjari vyenyewe, usiiguse mpaka yote hayo yamekaa sawa kwa miezi, kwa kuwa kutoka kwenye orodha ile kunategemea matoleo mapya ya vivinjari kuwafikia watu.

Na lango la 80 usilifunge. Liache wazi kwa ajili ya kuelekeza wageni wa anwani ya zamani, na kwa sababu Let's Encrypt, ikitumia uthibitisho wa HTTP, hupita hapo kila cheti kinapofanywa upya.